Betri ya Nyumbani na Bwawa la Mtera

Jumamosi iliyopita niliketi na daftari nikaorodhesha kila kifaa cha nyumbani kwangu ambacho nisingependa kizimike umeme unapokatika. Taa sita za wati 9 kila moja, jumla wati 54. Kisanduku cha intaneti, 10. Kompyuta mpakato, 60. Feni ya chumba cha watoto, 60. Friji huwaka na kupumzika, basi nikaikadiria kwa wastani wa wati 50. Pasi, jiko la umeme na hita ya maji nilivifuta bila huruma. Jumla ikawa wati 234. Nikizidisha kwa saa sita, yaani kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku, napata 1,404. Kwa kuwa uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja, giza langu la usiku mmoja ni uniti moja na nusu, kasoro kidogo.

Nilijiona nimemaliza. Betri ya volti 12 yenye amperi 200 kwa saa hubeba 2,400, na hata nikiondoa kile kinachopotea ndani ya inveta, mahitaji yangu hayavuki 1,650 au zaidi kidogo. Fundi niliyemwita alilitazama daftari langu akatabasamu. "Mwalimu, betri ya asidi usiishushe chini ya nusu. Ukiizoeza kukauka, itakufa mapema, halafu utasema umeuziwa mbovu." Nusu ya 2,400 ni 1,200. Hesabu yangu ilikuwa imeanguka. Ama ninunue betri mbili za namna ile, ama moja ya lithiamu, ambayo huvumilia kutumiwa hadi asilimia 80 ya uwezo wake, kwa bei ambayo mshahara wa mhadhiri huitazama kwa mbali.

Fundi alipoondoka nilibaki na neno lake moja, kukauka, nikaiwaza Mtera.

Nchi hii iliwahi kufanya hesabu kama ya daftari langu, na ikaifanya vizuri. Mwaka 1975 kituo cha Kidatu kwenye Mto Ruaha Mkuu kilianza kuzalisha umeme, na kilipokamilika kikawa na uwezo wa megawati 204. Bwawa la Kidatu lenyewe ni dogo; haliwezi kubeba mvua za msimu mmoja hadi msimu unaofuata. Ndiyo maana wapangaji walipanda juu ya mto, hadi mpakani mwa Iringa na Dodoma, wakajenga Mtera, lililokamilika mwaka 1980. Kwa miaka yake ya mwanzo Mtera halikuwa na mtambo wowote. Kazi yake ilikuwa kuweka akiba tu: kupokea maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo kiangazi, ili Kidatu isizime. Mitambo yake ya megawati 80 ilikuja kufungwa baadaye, mwaka 1988. Kimo cha juu cha maji kiliwekwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na cha chini kabisa kwa kuzalisha umeme mita 690. Mita nane na nusu tu kati ya kujaa na kukauka. Hiyo ndiyo iliyokuwa betri ya taifa, na ilikuwa na mstari wake wa "usishushe hapa" kama ile ya fundi wangu.

Nilikuwa shule ya msingi mgao ulipoingia mwaka 1992. Nakumbuka masizi ya kibatari puani asubuhi, na mama akipima mafuta ya taa kwa kifuniko cha chupa. Redio ilisema ni ukame, nasi tukaamini, kwa maana mvua kweli zilikuwa haba. Lakini ukame ni nusu ya habari. Mgao ulirudi mwaka 1994, na wataalamu wa maji waliokuja kuyachambua matukio hayo walihoji jambo ambalo redio haikulitaja: jinsi maji yenyewe yalivyofunguliwa pale Mtera. Akiba inayotumiwa kama mapato ya kila siku haisubiri ukame mkubwa ili iishe.

Lawama ilitafuta mahali pengine pa kutua, ikapanda mto hadi bonde la Usangu. Huko kulikuwa na wakulima wa mpunga na wafugaji wenye ng'ombe wengi, na kweli Ruaha ulikuwa umeanza kukauka wakati wa kiangazi kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990. Utafiti uliofanyika Usangu kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 uliyatenganisha mambo mawili tuliyokuwa tukiyachanganya. Mto hukauka kiangazi hasa kwa sababu ya maji yanayochepushwa kwenye mifereji ya umwagiliaji. Mtera, kwa upande wake, hujazwa na mafuriko ya masika, tena si ya Usangu peke yake, maana Ruaha Mdogo na Kizigo nazo humwaga humo. Utafiti huo haukumkuta ng'ombe na hatia ya giza la Dar es Salaam.

Hata hivyo mgao mkali uliporejea mwaka 2006, waliohamishwa Usangu walikuwa wafugaji. Ng'ombe walisafirishwa kwa maelfu kuelekea Pwani na Lindi, wengine wakafia njiani, na mwaka 2008 eneo lao la zamani likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ninawaambia wanafunzi wangu waiweke tarehe hiyo karibu na nyingine ya mwaka huohuo: Februari 7, 2008, siku Waziri Mkuu Edward Lowassa alipojiuzulu kufuatia taarifa ya kamati ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Mkataba wa IPTL ulikuwa umekwisha kutangulia tangu 1995, wa miaka ishirini, wenye malipo ya uwezo wa mitambo hata mitambo ikiwa imelala. Akiba ya maji ilipokosa mlinzi, tuliinunua dharura, na dharura haijawahi kuuzwa kwa bei nafuu.

Katika miaka hiyo ndipo akiba ilipohamia majumbani. Mwenye duka Kariakoo alinunua jenereta, mwenye hospitali akanunua kubwa zaidi, na asiye na kitu akarudi kwenye mshumaa. Hakuna sheria iliyopitishwa kusema kwamba kila kaya ijitafutie umeme wake wa akiba.

Nilipomwambia rafiki yangu wa Unguja kwamba nimepanga kwa saa sita, alicheka. Waya wa chini ya bahari uliolazwa mwaka 1980 kutoka Bara ulikuwa ndio tegemeo lao. Hitilafu ya Mei 2008 iliwaacha gizani takriban wiki nne; ile ya Desemba 2009 ikawaacha miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, na watu wakawa wanatafuta ndoo kabla ya taa. Hakuna betri ya sebuleni inayolijibu giza la namna hiyo.

Sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwanzoni mwa 2024. Megawati zipo. Bado umeme unakatika mtaani kwetu, kwa sababu ya nguzo, transfoma na nyaya zilizochoka, nami bado ninanunua betri.

Nimechagua ya lithiamu, kwa mkopo wa chama cha akiba. Inveta ni ya wati 1,000, kwani friji inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiasi chake cha kawaida. Fundi amesisitiza iwekwe swichi ya kubadilishia, ili umeme wangu usirudi kwenye nguzo na kumuua mtu anayeitengeneza akiamini waya umelala. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Jirani yangu, mama mwenye cherehani cha umeme, alikuja kutazama mafundi wakitoboa ukuta. Akaniuliza betri itadumu muda gani. Nikamwonyesha daftari kwa fahari: saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku.

"Na ukikatika mchana, Mwalimu?" akauliza. "Mimi nashona mchana."

Nikaligeuza daftari kutafuta ukurasa mtupu.