Kwihara si nyumba ya Livingstone peke yake

Mwezi Oktoba mwaka 1873 kundi la watu waliochakaa kwa safari liliingia Kwihara, kijiji cha Unyanyembe kilicho kilomita zipatazo nane kutoka mjini Tabora. Walikuwa wamebeba mti mrefu, na kwenye mti huo kumefungwa furushi la magome lililoviringishwa turubai. Ndani yake mlikuwa na maiti ya Dk. David Livingstone, aliyefariki mwezi Mei katika kijiji cha mtemi Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia. Moyo na matumbo walikuwa wameyazika huko huko chini ya mti. Mwili waliutia chumvi, wakauanika juani kwa majuma mawili, kisha wakajitwika.

Kwihara walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, ambaye sasa alikuwa amechelewa. Cameron aliwashauri wamzike marehemu hapo hapo. Wakakataa. Walisema bwana wao atazikwa kwao, basi.

Walipoondoka na kufika Kasekera, habari zilikuwa zimekwisha kuwatangulia kwamba kuna watu wanapitisha maiti, na wenyeji hawakutaka maiti ya mgeni ipite katika nchi yao. Ndipo wapagazi wale walipofanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingestahili kuwamo katika kila kitabu cha historia cha shule ya msingi nchini. Walichukua mabua, wakayafunga na kuyavisha kitambaa mpaka yakafanana na maiti, wakawakabidhi wenzao sita wayarudishe Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Usiku ulipoingia, wale sita wakayatupa mabua porini, bua moja hapa na jingine kule, wakarejea kwa wenzao. Maiti yenyewe wakaifunga upya kama mtumba wa nguo. Kwenye njia ile, mtumba wa nguo haukumshtua mtu. Ulifika Bagamoyo Februari 1874, na Aprili 18 mwaka huo Livingstone akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Jiwe la kaburi lake linasema kwamba aliletwa na mikono yenye uaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Jina la hata mmoja wa wenye mikono hiyo halikuandikwa.

Hapo ndipo ninapotaka kuanzia habari za Kwihara. Ukifika leo utaonyeshwa tembe: nyumba ndefu ya udongo, paa lake bapa limesakafiwa kwa udongo, ua katikati, mlango wa kuchongwa kwa ufundi wa pwani. Ni makumbusho, na watu wote wanaiita nyumba ya Livingstone. Wageni wanapiga picha, wanaandika jina kitabuni, wanarudi mjini. Sina ugomvi na nyumba hiyo. Ila Livingstone alikaa Kwihara miezi sita tu, na hata miezi hiyo alikuwa mgeni anayesubiri msaada. Kijiji kilikuwapo kabla yake, na kimebaki baada yake.

Jirani kabisa na Kwihara ndipo palipokuwa na Kwikuru, makao ya mtemi Mkasiwa wa Unyanyembe. Neno hilo ni lile lile ikulu, mahali pa mkubwa, ambalo leo taifa zima linalitumia kwa makao ya Rais bila kukumbuka lilikotoka. Mkasiwa alikalia kiti cha utemi baada ya wafanyabiashara Waarabu kumwondoa Mnywa Sere, kijana aliyethubutu kuwatoza kodi. Vita vilivyofuata vilichukua miaka, mpaka Mnywa Sere alipouawa mwaka 1865. Kwa hiyo Kwihara hakikuwa kijiji kilicholala kikisubiri kugunduliwa. Kilikaa penye njia panda ya biashara ya Afrika Mashariki, ambapo njia ya Bagamoyo iligawanyika, moja ikienda Ujiji, nyingine kaskazini kwenye Ziwa Viktoria na Buganda. Pembe za ndovu zilipita hapo. Watumwa pia walipita, wakiwa wamefungwa, na wengine hawakupita bali walibaki wakilima mashamba ya Waarabu na ya Wanyamwezi wenye uwezo. Jambo hili wazee wengi hulizungumza kwa sauti ya chini, kwa sababu nzuri: wajukuu wa pande zote mbili wanaishi pamoja na wameoana.

Kiongozi wa msafara aliitwa kirangozi. Nyuma yake walikuja wapagazi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32: merikani, kaniki, ushanga, masango ya shaba. Mtu wa pwani alijitwika kichwani. Mnyamwezi alibeba begani, na mpagazi wa siku nyingi ulimtambua kwa sugu la bega kabla hajafungua kinywa. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Tabora mwaka 1857. Stanley, mwandishi wa habari, alitumia miezi mitatu mwaka 1871. Mnyamwezi aliifanya safari hiyo mara nyingi maishani, akaondoka baada ya mavuno, akarudi na nguo za mahari, na kijana ambaye hajaiona bahari alionekana bado mtoto. Wanawake nao walisafiri, vyungu vichwani na watoto migongoni.

Njia hiyo ndiyo iliyoleta utani. Mnyamwezi akifika Uzaramo leo, wanaanza kutukanana kwa kicheko kabla hata ya salamu kwisha, na kwenye msiba mtani ndiye anayewavunja mbavu waliofiwa na kudai malipo yake ndipo kaburi lifukiwe. Mtu aliyeugua njiani miezi miwili mbali na kwao alihitaji wa kumuuguza, na akifa, wa kumzika. Utani ulimpa ndugu mahali asipokuwa na ndugu. Sioni urithi mkubwa zaidi wa misafara kuliko huo, wala hauhitaji kabati la kioo.

Mwaka 1871 vita vilifika mlangoni. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyeijenga dola yake kwa vijana wapiganaji walioitwa rugaruga, alikuwa amewafungia Waarabu njia ya Ujiji. Stanley, aliyekuwa Kwihara tangu Juni akimtafuta Livingstone, alijiunga nao kwenda kumpiga. Waliteka kijiji cha Zimbizo, lakini Mirambo aliwavizia waliokwenda mbele kuteka kijiji kingine, na waliosalimika wakakimbia. Mwezi huo huo wa Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe na kuichoma moto. Kutoka Kwihara watu waliuona moshi. Waliokimbia mji walimiminika kijijini na chochote walichoweza kubeba, na tembe ambalo leo ni makumbusho likatobolewa kuta kwa ajili ya mitutu ya bunduki. Mirambo hakuja. Lakini fikiria usiku ule katika nyumba za kawaida za Kwihara, zisizo na kuta nene wala bunduki.

Mwaka uliofuata, Stanley akiwa amekwisha kumpata, Livingstone alipokuwa hapo Kwihara akiwangoja wapagazi ambao Stanley angewatuma kutoka pwani, aliandika kuhusu watoto wa hapo. Alieleza jinsi walivyotengeneza bunduki za matete zenye kufyatuka, zikitoa wingu la majivu badala ya moshi wa baruti. Nimeyasoma maelezo hayo mara nyingi, na kila mara nawaona wavulana wawili watatu nyuma ya ghala, mmoja Mirambo, mwingine Mwarabu, majivu yamewajaa kwenye nyusi, mama akiita kutoka jikoni kwamba nani amemaliza majivu yake. Hiyo ndiyo Kwihara ya mwaka 1872. Mzee wa Kizungu aliyekuwa akihesabu siku aliwatazama, akaandika, lakini majina yao hakuyauliza.

Mtoto mmoja jina lake limebaki, na limebaki kwa uchungu. Septemba 1871, hapo hapo Kwihara, mfanyabiashara mmoja alimpa Stanley mtoto mtumwa wa umri wa miaka kama saba kuwa zawadi. Aliitwa Ndugu Mali. Lilikuwa jina la kibiashara, mali ya ndugu fulani, na Stanley hakulipenda, hivyo watu wake wakapendekeza majina mengine mpaka likachaguliwa Kalulu. Kalulu alikwenda Ulaya na Marekani, akasoma shule Uingereza, akahudhuria mazishi ya Livingstone, na sanamu yake ya nta ikawekwa London. Mwaka 1877 alikufa maji katika Mto Kongo, bado kijana, akiwa kwenye msafara wa Stanley. Jina alilopewa na mama yake hatulijui.

Huko Uingereza, tangu mwaka 1538 kila parokia iliamriwa kuandika nani amebatizwa, nani ameoa na nani amezikwa. Matokeo yake, leo mkulima wa kijiji kidogo kabisa anaweza kumtaja mhenga wake aliyelima shamba lile lile miaka mia tatu iliyopita. Vikundi vya wanakijiji hukaa na daftari hizo na kuandika historia ya kisima chao, kinu chao, shule yao. Hakuna mfalme katika historia hizo, na ndio utamu wake. Kwihara kilipitiwa na watu wengi wenye kalamu, pengine kuliko kijiji chochote cha bara wakati ule, lakini kalamu zile ziliandika habari za wenyewe. Majina ya wenyeji na wapagazi yaliingia kwa bahati. Abdullah Susi na James Chuma waliongoza msafara wa maiti. Jacob Wainwright, kijana aliyesoma India, alichonga maandishi kwenye mti wa Chitambo na kuweka kumbukumbu za siku. Halima alimpikia Livingstone, na Ntaoeka, mke wa Chuma, alikuwa pamoja nao. Kila mmoja wa hawa alikula na kulala Kwihara.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Wajerumani walimshambulia mtemi Isike wa Unyanyembe mara kadhaa, na Januari 1893, boma lake lilipozidiwa, alijilipua kwa baruti kuliko kushikwa. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kazi ya mpagazi ikaisha. Wajukuu wa wapagazi walikwenda kwenye mashamba ya mkonge kama manamba, kwa njia ile ile, safari hii ndani ya behewa. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikahamisha kaya nyingi za mkoa huu, na mahame yakabaki porini na makaburi yake. Miembe ndiyo iliyokaa. Ukiona safu ya miembe mikongwe katikati ya miombo, mahali pasipo na nyumba, ujue huenda palikuwa na kambi au mtaa wa watu.

Kinachonisumbua ni kwamba kumbukumbu nyingine zote zimo vinywani, na vinywa hivyo vinazeeka. Bibi anayekata viazi vitamu na kuvianika juani kuwa michembe anajua michembe hiyo ililiwa safari gani. Anajua ukoo upi ulikuja na msafara kutoka Umanyema na ukabaki, kaburi lipi halilimwi juu yake, na kwa nini. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuyaandika hayo katika daftari la shilingi mia chache. Kazi hiyo haitaki mfadhili. Inataka mwalimu mmoja anayeitoa kama kazi ya nyumbani, na serikali ya kijiji inayolihifadhi daftari kabatini pamoja na mihuri yake.

Na ndani ya tembe, kwenye ukuta wa kwanza mgeni anaouona, ningeomba ubandikwe ubao mmoja wenye majina: Susi, Chuma, Wainwright, Halima, Ntaoeka, Ndugu Mali aliyeitwa Kalulu. Chini yake pabaki nafasi. Wewe unayesoma hapa, kama kwenu husemwa kwamba babu yenu alibeba mzigo kati ya Bagamoyo na Ujiji, muulize leo anayelijua jina lake, uliandike, na siku ukipita Tabora ulifikishe Kwihara.