Kisigino cha DiMaggio

Besiboli siijui. Hata leo ukiniketisha mbele ya mchezo huo nitakuuliza nani anamkimbiza nani. Lakini kisigino cha Joe DiMaggio nakijua, maana nilikutana nacho chuoni, katika riwaya ya Hemingway ya mwaka 1952 juu ya mvuvi mzee wa Cuba. Mzee yule, peke yake baharini na samaki wake, anamuwaza DiMaggio, ambaye baba yake naye alikuwa mvuvi, na kujiuliza uchungu wa mfupa uliochomoza kisiginoni ukoje. Akilini mwake unamjia ule mwiba wa mguuni mwa jogoo wa kupigana. Nilicheka. Sasa, baada ya miaka ishirini ya kusimama ubaoni, sicheki tena: kila alfajiri nikishuka kitandani, hatua ya kwanza ni msumari.

DiMaggio alianza kupasuliwa kisigino cha kushoto, Januari 1947. Novemba 1948 ikawa zamu ya kulia. Msimu wa 1949 ukafunguliwa, timu yake, Yankees, imekubali kumlipa dola 100,000, naye hawezi kukanyaga chini. Kazi yake ilikuwa kulinda katikati ya uwanja: kukimbia macho yakiwa juu, kusimama ghafla, kugeuka, njumu za chuma zikizama ardhini. Michezo 65 ikampita. Kisha asubuhi moja ya Juni akaamka, akakanyaga, maumivu hayapo. Yameondoka tu, kama mgeni asiyeaga.

Juni 28 akaingia Fenway Park, uwanja wa wapinzani wao wa Boston. Kwa siku tatu alivusha mpira uzio mara nne, akaiingizia timu pointi tisa, na michezo yote mitatu Yankees wakashinda. Msimu ulipoisha waliipita Boston kwa mchezo mmoja tu. Piga hesabu mwenyewe.

Dizzy Dean hakungoja. Alikuwa mrushaji aliyeshinda michezo 30 mwaka 1934. Julai 1937, Washington, mpira uliopigwa na Earl Averill ukamvunja kidole cha mguu. Akarudi kurusha kingali kibichi. Ili asikilemee akabadili mrusho wake, na mkono ukaharibika. Hakuwa Dean yule tena.

Nami nilikuwa nimeanza kuchechemea, hadi goti la mguu mzima likalalamika. Siku hizi nafundisha nimeketi. Wanafunzi wa nyuma wanadai hawanioni, na wawili wao, nina hakika, wanashukuru.