Lau Bendera ya Seyyid Ingelibaki Ujiji



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha tulikuwa tumekaa barazani hapa Ujiji, na kijana mmoja katika wanafunzi wangu akaleta swali. Alikuwa amesoma kwamba zamani bendera nyekundu ya Seyyid wa Unguja ilipepea katika mji wetu huu. Akasema, "Sheikh, lau Seyyid Barghash angelikataa kutia mkono wake katika karatasi ya Wazungu, si tungelikuwa ufalme mmoja mpaka leo, tangu Unguja hata ng'ambo ya ziwa?" Wazee waliokuwapo wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Swali hilo wanalipenda sana.

Nilimwambia kwanza kwamba neno "lau" lina adabu yake. Mtume (S.A.W.) ametukataza kulitumia kwa kujutia yaliyokwisha pita, kwani hapo ndipo shetani anapopata mlango. Lakini maulamaa wameeleza kuwa mwenye kulitumia kwa kutafuta elimu hana lawama. Basi tukaenda kwa njia hiyo ya pili.

Kukataa, Seyyid Barghash alikataa. Mwisho wa mwaka 1884 Karl Peters alizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za machifu juu ya karatasi wasizoweza kuzisoma, na Februari 1885 Kaiser akazipa himaya yake. Seyyid alipeleka malalamiko kwa simu hata Berlin. Jibu lilikuja mwezi wa Agosti: manowari za Kijerumani zilisimama mbele ya Unguja, mizinga ikiwa imeelekea jumba lake. Waingereza, aliowaweka kuwa marafiki, walimnasihi akubali. Kisha wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ufaransa wakapita pwani kuupima ufalme wake, na katika upimaji huo mwenye ufalme hakupewa kiti. Tarehe 1 Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana: Seyyid abakiwe na Unguja, Pemba, Mafia, Lamu, ukanda wa pwani wa upana wa maili 10, na miji kadha ya Benadir. Yaliyobaki nyuma ya ukanda huo waligawana wao. Disemba akatia muhuri.

Maili 10! Treni ya kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma hukata zaidi ya kilomita 1,200 ndipo ifike kwetu.

Kwa nini maili 10 na si mia? Hapo ndipo nilipotaka kijana wangu aweke akili yake. Ubavu wa Wazungu ni sababu ya kwanza, sikatai. Lakini wale wapimaji waliuliza maswali ambayo hata mtu mwadilifu angeliuliza. Forodha iko wapi? Askari wa Seyyid wako wapi? Nani anahukumu kwa jina lake? Pwani majibu yalipatikana. Huku bara yalikuwa mepesi. Hapa Ujiji Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, alipandisha bendera ya Seyyid katika miaka ya mwanzo ya 1880, na baada yake akaja Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza. Walikuwa wafanyabiashara wakubwa wenye bunduki zao na watu wao. Bendera iliwapa heshima, wala haikuwaletea askari wa serikali. Hata forodha ya Unguja yenyewe kwa miaka mingi Maseyyid waliikodisha kwa matajiri wa Kihindi, kwanza nyumba ya Jairam Shivji na baadaye Taria Topan, wakapokea fungu lao kila mwaka bila ya kuwa na makarani wao. Kwa rai yangu hapo ndipo ufalme ulipopotea, miaka mingi kabla ya Peters kuteremka chomboni.

Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ameeleza katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili jinsi Seyyid Barghash alivyomkabili na kumwambia kwamba bara hana tena nguvu nayo, na hata Unguja anaiogopea. Mwaka 1887 Tippu Tip huyo huyo akakubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Stanley Falls. Wazee wa barazani hawakupenda nilipolitaja hilo.

Na msidhani yalitupata sisi peke yetu. Katika bahari ya Pasifiki viko visiwa vya Samoa, ambavyo navyo vilikuwa na ufalme wao. Wakubwa wa huko waligombania kiti, kila upande ukajiegemeza kwa wageni, nao wageni wakaleta manowari. Mwaka 1899 Ujerumani na Marekani wakavigawana, magharibi kwa huyu na mashariki kwa yule. Uingereza ikajitoa kwa kulipwa kwingine, na katika mapatano hayohayo ya Novemba 1899 Ujerumani iliahidi kuacha haki zake za kuwahukumu raia wake yenyewe katika Unguja. Zingatia, ndugu yangu: watu wa Samoa hawakupata kuisikia Unguja, na watu wa Unguja hawakupata kuisikia Samoa, lakini waliwekwa katika mizani moja. Samoa ya magharibi ilipata uhuru wake mwaka 1962. Ya mashariki iko chini ya Marekani hata leo.

Kijana akasema, "Basi Sheikh, lau Seyyid angeliweka askari na makadhi na makarani tangu Bagamoyo hata Ujiji?" Hilo ndilo swali lenye maana, na jibu langu ni kwamba huenda mpaka ungelichorwa pengine. Huenda ziwa lisingekatwa katikati, upande huu Wajerumani na upande ule Leopold.

Lakini nami nilimuuliza: ungelikuwa ufalme wa nani? Mama wa bibi yangu alitoka Manyema. Alivushwa ziwa hili akiwa mtoto, naye hakuja kwa kutembea wala kwa kuolewa. Katika nyumba yetu jambo hili lilisemwa kwa sauti ndogo, na mimi nalisema hapa kwa kuwa nimekwisha pita miaka sitini na wote waliokuwa wakiona haya wamekwisha fariki. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini bara biashara iliendelea, na utumwa haukufutwa kwa sheria Tanganyika ila mwaka 1922. Nusu ya mji huu wana bibi kama wangu. Tunapokaa barazani tukililia ile bendera nyekundu, twalia kama kwamba sote tulikuwa tumeishika mlingoti, na wengi wetu tulikuwa chini yake tumebeba mzigo.

Wazee walinyamaza kidogo. Mmoja akaomba kahawa.

Bibi yangu aliyenipa habari hizi alizaliwa Wajerumani wakitawala. Aliwaona Wabelgiji wakiingia mwaka 1916, na akaolewa walipokuwa bado wanaishika Kigoma. Mwaka 1921 wao wakaondoka wakawaachia Waingereza, naye hakuulizwa na yeyote. Alifariki akiwa raia wa Tanzania, na katika umri wake wote hakupata kuhama mtaa. Siku ya anga safi alikuwa akitutolea nje watoto kutuonyesha milima ya Kongo ng'ambo ya maji. Ndugu za mama yake walibaki huko, na majina yao hakuyajua.