Simu ya Upepo na Vita vya Ufaransa, 1940

Yasemwa mara nyingi kuwa mwezi wa Mei 1940 Wafaransa walishindwa kwa uchache wa vifaru. Sivyo. Vifaru vyao havikuwa vichache kuliko vya Wajerumani, na vingine, kama Char B1, vilikuwa na gamba nene zaidi la chuma. Waliyopungukiwa zaidi ni njia ya kusemezana.

Heinz Guderian, aliyeshiriki sana katika kuunda majeshi ya vifaru ya Ujerumani, alikuwa amekulia katika kazi hiyo. Mwaka 1912 alitumikia kikosi cha simu, na vita vya 1914 vilipoanza alisimamia kituo cha simu ya upepo katika divisheni ya wapanda farasi. Ndiyo sababu alishikilia kwamba vifaru vipewe mitambo hiyo: vya viongozi iwe ya kupokea na kupeleka habari, na vinginevyo walau ya kupokea. Hivyo kiongozi aliweza kukigeuza kikosi kizima kwa neno moja, hali kikiwa mwendoni. Kwa Wafaransa, vifaru vingi vyepesi havikuwa na mtambo wowote, na ishara zilitolewa kwa bendera. Tena katika vifaru hivyo kiongozi alikuwa peke yake ndani ya mnara, akitazama njia, akishindilia mzinga, akiupiga. Mkono wa kushika bendera angeutoa wapi?

Jemadari mkuu Gamelin alikaa katika ngome ya Vincennes, ambamo hamkuwa na simu ya upepo. Tusifanye haraka kumcheka. Mwaka 1914, huko Tannenberg, Warusi walipeleka amri zao hewani kwa maneno ya wazi. Wajerumani wakazisikia, na jeshi la Samsonov likaangamia. Wafaransa nao mwaka huohuo walinufaika kwa kusikiliza habari za Wajerumani kabla ya vita vya mto Marne. Waliojua faida ya kutega sikio waliogopa, kwa haki, kusikiwa. Kosa lao la 1940 lilizaliwa na somo la kweli, na kosa la namna hiyo ni gumu kung'oa.

Tarehe 13 Mei Wajerumani walivuka mto Meuse karibu na Sedan. Tarehe 20 walikuwa Abbeville, na usiku ule wakaifikia bahari. Amri za Vincennes zilikwenda kwa waya na kwa matarishi, na mara nyingi zilipowasili, mahali palipotajwa pamekwisha kutekwa. Gamelin aliondolewa tarehe 19.

Lakini hofu ya Wafaransa haikuwa ya bure. Ndani ya gari la Guderian, kando ya simu ya upepo, ulikuwamo mtambo wa Enigma wa kugeuza maneno kuwa fumbo. Picha yake ipo hata leo. Wajerumani waliuamini, wakasema hewani bila wasiwasi. Na katika mwezi uleule wa Mei, huko Bletchley Park, Waingereza walianza kuyasoma kila siku mafumbo ya jeshi la anga la Ujerumani.