Kaseti Niliyoifuta: Sauti, Zeze na Karne ya Santuri

Nianze kwa kukiri kosa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kule kwetu Kirushya, wilayani Ngara, tulikuwa na kaseti moja ya dakika 60 isiyoandikwa kitu juu yake. Ndani yake babu, mjomba wake mama, alikuwa anaimba harusini huku akijipigia zeze la uzi mmoja. Aliyemrekodi alikuwa mjanja: alivunja vile vijimeno viwili vya mgongoni mwa kaseti ili mtu asije akarekodi juu yake. Mimi nikawa mjanja kuliko yeye. Nikatafuna karatasi ya daftari, nikaziba vitobo, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nikanasa Bongo Fleva kutoka redioni. Babu alikuwa bado hai, kwa hiyo hakuna aliyenigombeza. Miaka michache baadaye akafariki.

Tangu hapo, kila nikikutana na rekodi ya sauti na fidla, iwe ya Zanzibar au ya Ulaya, naisikiliza kama mtu mwenye deni.

Kwa msomaji asiyelijua zeze hilo: nyumbani tuliliita indingidi, kama wanavyoliita Burundi. Rwanda ni iningiri, Uganda ni endingidi. Ni kopo dogo la mti lililowambwa ngozi, fimbo iliyopenya kopo hilo, uzi mmoja, na upinde mfupi unaopakwa ulimbo ili ushike. Halina ubao wa kukandamizia uzi kama violini. Vidole vinaugusa uzi ukiwa hewani tu, ndiyo maana sauti yake inateleza kama ya mtu anayeongea. Na anayepiga ndiye anayeimba. Zeze linamfuata mwimbaji neno kwa neno, na akinyamaza kuvuta pumzi lenyewe linaendelea, kana kwamba limebaki na la kusema.

Utotoni tuliambiwa ni ala ya tangu na tangu. Kumbe sivyo. Wataalamu wa muziki wa Uganda wanauweka mwanzo wake Buganda, karibu na mwaka 1907. Yaani hiki tunachokiita "cha asili" ni rika la gramafoni. Ni muziki wa karne ya 20, sawa kabisa na ule unaouzwa kwenye masanduku ya CD wenye maneno "muziki wa karne ya ishirini" mgongoni.

Tukiufungua huo wa masanduku, tunakuta jambo la kuchekesha kidogo. Katika muziki wa kumbi za Ulaya, mwimbaji aliandamana zaidi na piano. Kumwacha na fidla peke yake lilikuwa jambo la nadra. Mwingereza Gustav Holst alipata wazo hilo karibu na 1916, katika kanisa la mji mdogo wa Thaxted, alipomsikia mwanafunzi wake akiimba huku akijipigia fidla mwenyewe. Akatunga nyimbo nne za sauti na fidla. Miaka 70 hivi baadaye, Mhungaria György Kurtág alitunga Kafka-Fragmente (1985 hadi 1987), vipande 40 vya soprano na fidla, karibu saa nzima, bila ala nyingine yoyote. Nikivisikiliza nasikia watu wawili waliosimama bila mahali pa kuegemea. Kilichomshangaza Holst kanisani, kwetu ulikuwa utaratibu wa kila kilipo kibuyu cha pombe ya ndizi.

Basi kwa nini vya kwao viko kwenye kumbukumbu, na cha babu hakipo? Jibu jepesi ni kwamba wao walikuwa na mashine. Lakini mashine ilifika kwetu pia, tena mapema, na ilipitia njia zaidi ya moja.

Njia ya kwanza ilikuwa ya biashara, na ilipita pwani. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV. Kampuni ilitaka kuuza gramafoni na santuri kwa watu wanaosema Kiswahili, na ili uuze lazima utaje jina. Jina la Siti likachapwa kwenye santuri, likatangulia kufika mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga. Baadaye Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Bei ya umaarufu huo ilikuwa muda: upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba kama dakika tatu tu. Taarabu, ambamo mwimbaji anamaliza ubeti na fidla inaurudia taratibu, ilibidi ikatwe iingie humo. Tunachokisikia leo ni Siti aliyepimwa kwa saa. Hata hivyo ni Siti, na tunamjua.

Njia ya pili ilikuwa ya watafiti, na hii ndiyo iliyokaribia vilima vyetu. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi ile na mashine yake kati ya 1949 na 1954. Kanda zake zilihifadhiwa London, na siku hizi nakala zimerudi Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi Burundi, upande wa pili wa mpaka wetu, na mwaka uliofuata santuri ikatolewa Ufaransa na Ocora. Humo mna ngoma, mna minong'ono ya inanga, na mna mtu anayeimba na zeze lake. Lakini orodha ya vipande ilipangwa kama kabati la makumbusho, kwa aina: wimbo na zeze, wimbo na upinde, ngoma.

Ngoma zikapata bahati. Mwaka 1975 Joni Mitchell alizichukua kutoka kwenye santuri hiyo na kuzitandika chini ya wimbo wake "The Jungle Line", zikazunguka dunia. Zeze likabaki palepale. Sishangai. Ngoma unaweza kuikata na kuipachika chini ya sauti ya mtu mwingine. Wimbo wa zeze na mwimbaji wake huwezi kuutenganisha: ukiondoa sauti, zeze linabaki linajibu mtu ambaye hayupo.

Kuna njia ya tatu, na hii ndiyo inayoniuma. Ni ya kaseti. Kaseti haikutudai tuvuke bahari, wala haikumsubiri mtafiti. Redio kaseti moja na betri zilizoanikwa juani zilitosha. Haikuwa na mpaka wa dakika tatu: upande mmoja ulichukua nusu saa, kwa hiyo babu aliimba hadi alipotaka kuishia, akawataja wazazi wa bwana harusi, akamtania bibi mmoja, watu wakacheka, akaendelea. Kwa mara ya kwanza mashine ilikuwa mikononi mwetu, na aliyerekodi alimjua mwimbaji kwa jina, ndiyo maana hakuona haja ya kuliandika. Hapo ndipo tulipokosea wawili, yeye na mimi. Kitu kisicho na jina ni rahisi kukifuta.

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani nilimwomba mama aniimbie chochote anachokumbuka cha mjomba wake. Alikataa kwanza, akasema sauti imekwisha. Jioni, akimenya ndizi, akaanza mwenyewe. Aliimba mistari michache, akanyamaza, kisha akaendelea kwa kubana midomo, "ng'i-ng'i-ng'i", akipanda na kushuka. Nilidhani amesahau maneno.

"Si maneno hayo," akaniambia. "Hapo ni zeze."

Ninayo kwenye simu, dakika mbili na ushee. Safari hii nimeandika jina la babu, jina la mama, Kirushya na tarehe. Kama nyumbani kwenu kuna kaseti isiyo na jina, ndugu msomaji, leo leo tafuta kalamu.