Dola 36 na Nusu: Robin na Cheo cha Mtoto Msaidizi

Mwaka 1988, wasomaji wa katuni za Batman walifungua toleo la 427 wakakuta mtoto anapigwa mtaimbo. Mpigaji ni Joker, adui wa siku zote. Anayepigwa ni Jason Todd, kijana aliyevaa vazi la Robin. Mchoraji Jim Aparo anatuweka karibu mno: tunauona mkono wa Joker ukipanda na kushuka. Kisha kuna bomu, ghala, na mlipuko. Baada ya mlipuko msomaji hakupewa mwisho wa hadithi, alipewa namba mbili za simu. Ukipiga ya kwanza mtoto anapona, ukipiga ya pili anakufa. Kila simu ilitozwa senti 50 za Marekani, na laini zilikuwa wazi kwa muda wa kama siku moja na nusu, mwezi Septemba. Toleo la 428 lilikwisha kuandaliwa kwa miisho miwili, likisubiri hesabu.

Hesabu ikaja: 5,343 walitaka afe, 5,271 walitaka aishi. Tofauti ni kura 72. Kwa bei ile, simu 73 zaidi zingemwokoa, yaani dola 36 na nusu. Mhariri Dennis O'Neil alikuwa akisimulia tetesi kwamba mtu mmoja aliitegesha kompyuta yake ipige namba ya kifo tena na tena. Tetesi hiyo haijathibitishwa. Wazo lenyewe O'Neil alilitoa kwenye televisheni, katika kipindi cha vichekesho cha mwaka 1982 ambamo Eddie Murphy aliwaomba watazamaji wapige simu kuamua kama kambakoche achemshwe au aachwe. Kura ilisema aachwe.

Tangu hapo yameandikwa mengi juu ya ukatili wa wasomaji, na juu ya kampuni iliyouza kifo kwa rejareja. Frank Miller, mwandishi wa katuni, aliilaani kura ile waziwazi. Laana hiyo ni ya haki, ila inatuchelewesha. Kwa maoni yangu kura ya 1988 haikubuni kitu. Iliisema kwa sauti kanuni iliyokuwamo tangu Robin wa kwanza: kwamba Robin si mtoto, ni cheo. Mwenye cheo akiondoka, cheo kinabaki kikimsubiri mwingine.

Turudi kwenye chanzo. Robin alitokea mwaka 1940, katika toleo la 38 la Detective Comics, kwa kazi ya Bill Finger, Bob Kane na Jerry Robinson. Finger alieleza sababu bila kuizungusha: Batman alikuwa peke yake, hana wa kusema naye, na shujaa asiye na wa kusema naye humsumbua mwandishi. Sherlock Holmes ana Watson wake, basi na huyu apewe wake. Yaani yule mtoto aliumbwa ili kutatua tatizo la mazungumzo. Wazazi wake wanasarakasi wanaanguka kutoka kwenye bembea baada ya majambazi kuziunguza kamba kwa tindikali. Yatima anachukuliwa na tajiri, anaapishwa kwa mwanga wa mshumaa, na mara shujaa ana mtu wa kumweleza anachofikiri. Mauzo yakapanda, na waandishi wengine wakaiga: kufikia 1941 Captain America alikuwa na Bucky, na Green Arrow alikuwa na Speedy.

Jibu la kawaida la wahakiki ni kwamba mtoto msaidizi amewekwa kwa ajili ya msomaji mtoto, ajione mle ndani. Jibu hili limerudiwa hadi limeonekana ukweli. Lakini mashahidi wawili wa karibu wanalikataa. Jules Feiffer, aliyekulia na katuni hizo, aliandika mwaka 1965 kwamba hakumpenda Robin hata kidogo: yeye alijiona katika Batman, na mtoto wa rika lake aliyekwisha kuwa hodari kiasi kile alimtia unyonge tu. Naye mwandishi Stan Lee hakupenda wasaidizi watoto. Mwaka 1962, yeye na mchoraji Steve Ditko walipotaka kijana wa shule katika hadithi, walimfanya shujaa mwenyewe, Spider-Man, asiye na bwana. Yupo pia Fredric Wertham, ambaye kitabu chake cha 1954 kilidai kwamba nyumba ya Batman na Robin ilificha mapenzi ya jinsia moja. Makelele ya kitabu hicho yamewafanya wahakiki wajadili kwa miongo mingi nani alilala wapi, bila kuuliza yule mtoto analipwa nini.

Swali la malipo linakuwa gumu zaidi tukijaribu kumpa Robin jina la Kiswahili. Msaidizi? Neno ni jembamba, hata karani ana msaidizi. Mpambe yuko karibu, lakini mpambe ni mtu mzima aliyejichagulia kusimama nyuma ya mkubwa. Mwandani ana usawa ambao Robin hana. Neno linalovuta zaidi ni mwanagenzi, na ndilo linalofichua kasoro yenyewe. Mwanagenzi wa seremala hufagia karakana, hushika ubao, hukosea kipimo, hugombezwa, na siku moja hufungua karakana yake. Uanagenzi una mwisho, na bila mwisho huo unageuka kitu kingine. Hata Saada, mjakazi aliyepeleka mkate wenye tupa gerezani kwa Fumo Liongo, shujaa wa tenzi zetu, alikuwa na kazi yenye kikomo: tupa ikifika, kazi imekwisha. Robin wa kwanza, Dick Grayson, alikaa katika cheo miaka 29 kabla ya waandishi kumpeleka chuoni mwishoni mwa 1969, na ilipofika 1984 ndipo akapewa jina la kiutu uzima, Nightwing. Hapo, kwa mara ya kwanza, mwanagenzi alifuzu. Lakini hata kabla hajapewa jina hilo, mtoto mwingine alikwisha kutafutwa ili kiti kisikae kitupu.

Mtoto huyo ni Jason, na alizaliwa mara mbili. Jason wa 1983 alikuwa nakala: mtoto wa sarakasi, yatima wa majambazi, kama aliyemtangulia. Kisha kampuni ikaifuta historia yake, na mwaka 1987 Max Allan Collins akamwandika upya. Batman ameegesha gari lake katika kichochoro kilekile walimouawa wazazi wake. Anaporudi anakuta matairi yanafunguliwa, na anayeyafungua ni mtoto wa mitaani mwenye spana mkononi, asiyemwogopa. Huo ni mwanzo bora kuliko wa Robin yeyote, kwa sababu mtoto huyu ana kazi yake mwenyewe kabla ya kupewa kazi. Dick alipokewa akiwa analia, na Jason alikamatwa akiiba.

Na tofauti hiyo, nadhani, ndiyo iliyopigiwa kura. Wasomaji waliomkataa Jason walisema ni mkorofi, mwenye hasira, hana adabu ya Robin wa zamani. Jim Starlin, aliyekuwa akiandika mfululizo huo, hakumpenda Robin na hakuficha. Aliona ni upuuzi mtu mzima ajifiche gizani kwa nguo nyeusi huku akimtanguliza mtoto aliyevaa nyekundu, kijani na njano. Katika toleo la 424 Starlin alimpa Jason mtihani: mbakaji, mtoto wa mwanadiplomasia, analindwa na kinga ya baba yake; mwanamke aliyebakwa anajiua; Jason anatangulia kwa mbakaji, na mbakaji anaanguka kutoka kwenye roshani. Alisukumwa? Batman anauliza, mtoto anajibu kwamba labda aliteleza. Fremu ya kuthibitisha haipo. Wasomaji walioshangilia Batman kuvunja mifupa ya watu kwa miongo mingi walimwona mtoto huyu amevuka mpaka. Yatima wa sarakasi alikuwa na shukrani. Huyu wa mtaani alikuwa na maswali. Shukrani ndiyo mshahara ambao cheo hiki hulipa kutoka chini kwenda juu, na Jason alikuwa na deni.

Kuna jambo ambalo msomaji wa upande wetu wa dunia hawezi kulipita. Jason hafii Gotham, mji wa Batman, anafia Ethiopia, katika hadithi iliyochapwa miaka michache baada ya njaa ya 1984 na 1985. Amekwenda huko kumtafuta mama yake mzazi, Sheila Haywood, mfanyakazi wa shirika la misaada, ambaye anaishia kumuuza kwa Joker ili kuficha wizi wake mwenyewe. Ghala ambamo mtoto anapigwa ni ghala la misaada. Waethiopia wenye njaa wamo katika hadithi hiyo, ila kama umati, mandhari ya huzuni ambayo juu yake huzuni ya Batman inachorwa. Wao hawakupigiwa simu yoyote. Najua hii ilikuwa desturi ya wakati ule, na wakati ule haukuwa wa katuni peke yake. Hata hivyo mpangilio ni uleule: mtoto anateseka ili mtu mzima apate sura mpya ya majonzi, na nyuma yake wapo wanaoteseka wasiopewa hata jina.

Kama Jason angekuwa mtoto, kifo chake kingefunga mlango. Mwaka uliofuata, 1989, Tim Drake alitokea katika toleo la 436, na hoja aliyopewa aitamke ndiyo kanuni yenyewe: Batman anahitaji Robin, bila Robin anaharibikiwa. Mtoto wa tatu anakuja kujitolea ili mlezi asiharibikiwe! Miller, yule aliyeilaani kura, alikuwa amekwisha kuona jambo hili mwaka 1986 katika hadithi yake ya Batman mzee: humo Jason ni marehemu tayari, na vazi la Robin limewekwa pangoni ndani ya sanduku la kioo. Halikuzikwa na mtu. Limetunzwa, pindo safi, tayari kuvaliwa.

Mwaka 2005 mwandishi Judd Winick alimtangaza Jason kuwa hai. Amekuwa mtu mzima, ana bastola, na anamdai Batman maelezo. Hamlaumu kwa kuchelewa kufika ghalani. Hilo amekwisha kulisamehe. Anachouliza ni kwa nini Joker bado yu hai. Batman anajibu kwamba akimuua mmoja hatajua pa kuishia, jibu la mtu anayejilinda nafsi yake, na mazungumzo yanakwama hapo. Jason hadai vazi lake la zamani, ambalo wakati huo linavaliwa na mwingine. Amejiita Red Hood, jina alilowahi kulitumia Joker.