Panya wa Nyumbani: Tumwogope au Tumhurumie?

Kazi imenileta huku Kisii, na mara nyingi huvuka hadi Nyamira. Kila mahindi yakivunwa, swali ni lile lile tunalouliza kwetu Pwani: panya auawe kwa njia yoyote ile, au naye ni kiumbe anayestahiki huruma?

Tuanze na hali ilivyo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Mashamba ni madogo, nyumba zimekaribiana, na wengi huweka mahindi chumbani kwa kuhofia wezi. Panya hakuja kwa uadui. Amefuata chakula.

Wako wa aina mbili wanaosumbua zaidi. Wa kwanza ni panya wa darini, hodari wa kupanda, ambaye ndiye pia mwenyeji wa dari zetu za Mombasa na Lamu. Wa pili ni panya shamba, ambaye huingia nyumbani mavuno yakiisha. Jike lake hubeba mimba kwa wiki tatu tu na huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo. Kwa hivyo ukiua watano huku gunia li wazi, umejisumbua bure.

Hofu ina msingi wake. Mkojo wa panya hubeba vimelea vya homa ya mgunda, ugonjwa ulioua watu 3 wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022. Viroboto vyake hubeba tauni, iliyowahangaisha watu wa Lushoto, Tanga, kuanzia 1980. Chakula alichokojolea si cha kupepeta na kupika tu.

Huruma nayo ina hoja. Pale Morogoro, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Huyo si panya wa darini kwako, lakini atukumbusha kuwa jamii hii ya wanyama haikuumbwa kwa madhara matupu.

Dini yetu imeweka mizani. Mtume (s.a.w.) amemtaja panya katika wanyama waharibifu wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram. Ametufunza pia kufunika vyombo usiku. Lakini yeye huyo ameamrisha ihsani katika kila jambo, hata katika kuua, na amekataza kuadhibu kwa moto. Kumwagia panya mafuta ya taa na kumwasha si ushujaa. Kumwacha akahangaika kwenye gundi usiku kucha pia si ihsani.

Ninachokiogopa mimi zaidi ni sumu. Sokoni huuzwa kwa kipaza sauti, pakiti nyingine hazina hata maandishi. Panya aliyeila hutoka akipepesuka, akaliwa na paka, mbwa au bundi. Jirani yangu huku alimpoteza paka wake hivyo, na panya wakarudi wengi zaidi. Mtoto mdogo naye hajui tofauti ya sumu na peremende. Na bundi, tunayemfukuza Bara na Pwani eti ni mkosi, ndiye mlinzi wa usiku asiyedai mshahara. Itikadi ya mikosi ya ndege Mtume alishaikanusha.

La kufanya ni hili:

- Weka nafaka katika pipa au silo ya bati yenye kifuniko. Gunia, hata lile lisilopitisha hewa, panya hulitoboa.
- Ghala la nje liinue kiasi cha mita moja, na kila nguzo uivishe koni ya bati.
- Ziba kila tundu linaloingia kidole. Fyeka vichaka, kata matawi yanayogusa paa.
- Tumia mtego wa kubana unaoua mara moja, na uukague kila asubuhi.
- Mzoga na kinyesi usivishike kwa mikono mitupu. Lowesha kwanza kwa dawa ya kuua viini, usifagie vikavu.

Wahenga walisema panya huuma huku akipuliza, na hasara yake huionei hadi kukicha. Basi mwogope kwa anachokibeba, umfungie mlango mapema. Ikilazimu kumuua, muue kwa haraka bila kumtesa. Anayeziba tundu leo huua panya wachache kesho, na hiyo ndiyo huruma yenye faida kwa wote wawili.